Mwaka wa Kwanza wa Kijana Aliyeitwa Ngurumo

Alipewa jina la Ngurumo kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa asubuhi yake ya kwanza chuoni. Wenzake wawili wa chumba walikuwa bado wamelala, naye akaamka kama alivyozoea kuamka kwao. Akavuta kiti kutoka chini ya meza, miguu ya kiti ikalia juu ya saruji. Akaitua ndoo chini kwa kishindo. Akafungua kabati akalifunga, akakumbuka sabuni, akalifungua tena na kulifunga tena. Alipotoka kwenda kuoga aliubamiza mlango hadi vumbi likadondoka kutoka juu ya fremu. Aliporudi akaubamiza vilevile.

Chini ya shuka moja ikasikika sauti nzito: "Mungu wangu, wametuletea ngurumo."

"Na mvua bado," ikajibu shuka ya pili.

Jina likamganda hapohapo. Kabla juma halijaisha hata mpishi wa bwaloni alikuwa akimwita hivyo, na kila aliyemwona alishangaa, kwa sababu mwenye jina alikuwa mkimya kama maji ya mtungi. Ukimuuliza, alijibu neno moja. Ukimsalimu, aliinua mkono, akatabasamu na kukutazama usoni kwa muda mrefu kuliko watu wanavyopenda kutazamwa. Mdomo wake haukuwa na kelele. Kelele zilikuwa mikononi na miguuni.

Mwenye sauti nzito alikuwa Baba Pacha, mtu mzima aliyemwacha mke na watoto wake pacha nyumbani akaja kusoma, maana kazini alikuwa ameambiwa bila cheti hapandi hata ngazi moja. Mwingine alikuwa Mheshimiwa. Huyu alikuwa kijana mrefu wa mashati yaliyonyooshwa, na alizungumza kama yuko jukwaani. Hata akiomba chumvi alianza kwa kusafisha koo.

"Ndugu yetu," Mheshimiwa alimwambia siku moja, "mlango una kitasa. Kitasa kimetengenezwa kwa ajili ya mkono. Sasa wewe unatumia mguu, unatumia bega, au unatumia nini?"

"Samahani," alisema Ngurumo.

Na kweli alisikitika, lakini hakuelewa. Hakujua kwamba mlango unafungwa namna nyingine.

Mama yake alikuwa kiziwi. Homa ilimpata akiwa mtoto, ilipoondoka ikaondoka na masikio yake. Alikuwa fundi cherehani, tena fundi hasa, yule ambaye akishakutazama mara moja futi inakuja kuthibitisha tu. Baba alikwenda mbali kutafuta maisha, akayapata hukohuko, asirudi. Mama na mwana wakabaki wawili katika chumba kilicho nyuma ya duka la ushonaji, na katika chumba kile mlango ulibamizwa kwa sababu hakuwapo wa kuudhika. Sufuria zilitupwa karaini. Viti viliburutwa. Kijiko kilikwangua sahani mpaka sahani ikaonekana ua lake la chini. Watu hudhani nyumba ya kiziwi ina kimya cha makaburini. Wanakosea. Hakuna nyumba yenye makelele kama hiyo mtaani, ila mwenyewe hana habari.

Mtoto alikulia humo. Akitaka kumwita mama yake alikanyaga sakafu kwa nguvu, ili mtetemo umfikie miguuni. Akiwa mbali naye alizima taa na kuiwasha. Lugha yao ilikuwa ya mikono na uso: nyusi zikipanda ni swali, zikishuka ni jibu ambalo hutalipenda. Kuongea kwa mdomo alijifunza kwa redio na kwa fundi viatu, mzee mcheshi aliyekaa kibarazani pembeni ya duka lao. Tangu alipoweza kutamka neno likaeleweka, ndiye alikuwa masikio ya mama yake. Mteja akija kulalamika kwamba gauni limebana, mtoto alisimama kati yao, mdomo huku, mikono kule, na mara nyingi aliyapunguza makali ya maneno yakiwa njiani.

Kwa hiyo alipochaguliwa kwenda chuo cha upimaji ardhi, mtaa mzima ulifurahi, kisha mtaa huohuo ukaanza kumhurumia mama. "Sasa nani atamsikilizia?" waliulizana mbele ya kijana, kwa sauti kubwa, maana mama mwenyewe alikuwa pale na hasikii. Kijana akalibeba swali lile pamoja na godoro lake mpaka chuoni.

Chuoni kulikuwa na saa moja aliyoiogopa kila siku. Jua likishazama, baada ya chakula, watu walitoka kwenye korido na simu zao. Mmoja aliegemea ukuta, mwingine alikaa kwenye ngazi, mwingine alizunguka na mkono mmoja mfukoni, na wote walipiga kwao. "Shikamoo mama. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Mpe simu mdogo wangu." Baba Pacha aliongea na pacha wake kwa zamu na kuwaimbia, mtu mzima yule, bila haya. Mheshimiwa aliongea na baba yake kwa adabu iliyoshtua: "Ndiyo baba. Sawa baba. Nimesikia baba."

Ngurumo hakuwa na wa kumpigia. Miaka ile simu za kuonana uso kwa uso zilikuwa za wenye nazo, na mama yake alikuwa na simu ndogo ya vitufe ambayo kwake ilikuwa kama saa tu. Kusoma mama alijua kidogo, majina na vipimo. Kijana alituma ujumbe: "Salama mama." Baada ya siku moja au mbili ulirudi ujumbe uliochapwa na fundi viatu: "Mama anasema salama." Ndiyo habari yote. Kulikuwa na jinsi mama alivyokunja pua akitania, na jinsi alivyokata hewa kwa vidole viwili akichoka na mtu. Ujumbe ungevipeleka wapi vitu hivyo?

Saa ile ilipofika alishuka nyuma ya bweni, kwenye tangi la maji, akasimama pale mpaka watu wamalize. Na pale, bila kupanga, mikono yake ilianza kuongea. Ilisema leo tumefundishwa kusoma darubini. Ilisema maharage ya hapa yana mchanga. Ilisema nimeona kitambaa kama kile chako cha bluu, amevaa mwalimu. Akisikia mtu anakuja aliingiza mikono mfukoni haraka kama mwizi. Hii ni njaa ambayo wengi hawaijui: kuwa na lugha nzima ndani ya vidole, na katika chuo kizima asiwepo hata mmoja wa kumwambia "umelalaje" kwa lugha hiyo.

Darasani mambo hayakuwa mabaya. Hesabu alizipenda. Wakitoka kwenda kupima uwanjani, kila kundi lilihitaji mtu wa kwenda mbali na ufito wa kupimia, akausimamishe wima huku wenzake wakichungulia kwenye darubini ya miguu mitatu. Kazi ile hakuna aliyeitaka, kwa sababu waliobaki kwenye darubini ndio waliopiga soga. Alipewa yeye. Basi kila alasiri ungemwona kule mwisho wa uwanja, mdogo kama kijiti, ameshika kijiti kingine.

Kisha likaja jambo la taa.

Mheshimiwa alikuwa amelala kitandani uso ukutani, anakariri kwa sauti kwa ajili ya mtihani mdogo wa kesho yake. Mlezi wa bweni alikuwa amemwambia Ngurumo, "Mwite yule mrefu, baba yake kapiga simu ofisini." Ngurumo akapanda ngazi, akaingia, akaona mgongo. Mgongo kwao maana yake ni mtu asiyekuona. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi: akazima, akawasha, akazima, akawasha. Mheshimiwa hakugeuka, basi akakanyaga sakafu mara mbili.

Mheshimiwa akaruka. "We! Unanizimia taa?"

"Unaitwa chini."

"Naitwa chini ndiyo unizimie taa? Huna mdomo?"

"Nilitaka—"

"Milango unabamiza. Taa unazima. Ukimtaka mtu unapiga miguu kama punda. Tumekwambia na kukwambia, lakini sikio la kufa halisikii dawa! Hivi kwenu mnaishije? Mama yako hakukufundisha? Au ni kiziwi, hasikii unavyobomoa nyumba?"

"Aa, Mheshimiwa," Baba Pacha alisema kutoka kitandani kwake. "Mama za watu tuwaache."

Ngurumo alisimama pale mlangoni. Neno "ndiyo" lilipanda hadi kwenye meno, likarudi. Akachukua taulo akatoka, ingawa hakuwa anakwenda kuoga wala hakuwa na pa kwenda.

Alijua kwamba Mheshimiwa hakukusudia. Lilikuwa neno la hasira, mtu analitupa kama anavyotupa kiatu. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Angesema "ndiyo, ni kiziwi", angeonewa huruma, au kungetokea mcheshi mmoja wa kupungapunga mikono na kukenua meno, kama watoto wa mtaani walivyokuwa wakifanya nyuma ya mgongo wa mama yake. Na kwa kunyamaza alikuwa amekubali kwamba neno lile ni tusi. Alikuwa amemkana mama yake mbele ya watu wawili na taulo.

Tangu siku ile alijifunza ukimya kama wengine wanavyojifunza baiskeli. Alifunga vitambaa kwenye miguu ya kiti. Alikata ndala kuukuu akabandika vipande vya mpira kwenye mlango wa kabati. Mlango wa chumba aliufunga kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Aligundua kwamba miguu ikiburuzwa ina sauti, kwamba kutafuna kuna sauti, kwamba hata kupumua baada ya kupanda ngazi kuna sauti. Vitu hivyo wenzake walikua navyo, yeye alivisomea.

Siku moja Baba Pacha aligeuka akamkuta nyuma yake, akashtuka mpaka chai ikamwagika.

"Ee! Umeingia lini wewe? Utaniua, mdogo wangu, niwaache pacha yatima. Afadhali ulipokuwa ngurumo. Siku hizi umekuwa jini."

"Mimi naona maendeleo," alisema Mheshimiwa. "Mtu akielezwa, anaelewa."

Ikawa hivyo. Hakuna aliyemsumbua tena, na hakuna aliyemtafuta. Chumbani alikwenda kulala tu. Alisomea maktaba, akala pembeni, akasimama kwenye tangi lake. Kuna siku zilipita asitamke maneno zaidi ya "naomba" na "asante". Na lile swali la watu wa mtaani likaanza kumla: nani anamsikilizia mama? Usiku aliota wateja wamejaa dukani wanapiga kelele, na mama kainamia cherehani, hajui.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipokaribia, uamuzi ulikuwa umeshakomaa. Angekwenda nyumbani na asingerudi. Wenzake walifunga mabegi madogo madogo; yeye alifunga kila kitu, hata godoro akalizungusha na kulikaza kwa kamba.

"Godoro la nini?" aliuliza Baba Pacha. "Kwenu hakuna pa kulala?"

"Nalipeleka kuanikwa."

"Jua la hapa halikutoshi?"

Akaufunga mlango ule kimya, kwa mikono miwili.

Njia nzima alijipanga. Angeingia dukani na kumkuta mama kachoka, wateja wamepungua, nguo zimerudishwa. Angeweka mzigo chini na kushika kazi. Mama angelalamika kidogo kuhusu chuo, kisha angeshukuru. Kwa ufupi, alikuja kama zimamoto.

Alikuta hakuna moto, watu wanaota jua tu. Kwenye ukuta wa duka mama alikuwa ametundika mitindo: shingo za aina zote, mikono mirefu na mifupi, marinda, kila mmoja umeshonwa kwa kipande kidogo cha kitambaa. Mteja aliyeingia alinyooshea kidole anachotaka. Kisichokuwepo ukutani alikichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia. Mwanamke mmoja mnene, mteja wa zamani ambaye kijana alikuwa amemtafsiria miaka yote, alikuwa anabishana na mama moja kwa moja, kwa mikono, vibaya lakini kwa bidii: hapa achia, hapa bana, kesho, si kesho kutwa, kesho! Mama akakata hewa kwa vidole viwili. Mwanamke akacheka, na maana alikuwa ameipata.

Kijana alisimama mlangoni na godoro lake begani. Alipaswa kufurahi, na alijua anapaswa. Lakini moyo wake ulishuka taratibu, kama ndoo inayotelezeshwa kisimani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuhitajiwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukiona kimekwenda.

Fundi viatu ndiye aliyemwona kwanza. "Msomi huyo! Mbona umekuja na kitanda chote?"

Mama akageuka. Alimkumbatia kwanza, akampima kwa macho, akaona suruali imelegea kiunoni. Kisha akalitazama godoro.

"Nalo limepata likizo?" aliuliza kwa mikono.

"Sirudi," kijana alijibu. Baada ya miezi mingi vidole vyake vilikuwa vizito. "Nitakaa nikusaidie."

Nyusi za mama zikapanda, zikakaa huko juu. Akawarudia wateja wake kwanza. Duka lilipofungwa na jua lilipoanza kulegea, walikaa kwenye kizingiti, miguu nje. Mama akasema, "Nisaidie nini? Niambie."

"Wateja. Nani anakusikilizia?"

"Mwanzoni nilikosea. Nilimshonea mtu mikono mifupi alipotaka mirefu. Alikuja hapa kafura kama chura. Nikamwonyesha mkono wangu, nikamwambia chora. Akachora. Basi. Miaka yote hakuna aliyejaribu kuongea na mimi, kwa sababu wewe ulikuwa katikati." Akamgusa goti. "Ulifanya vizuri. Lakini ulikuwa katikati. Sasa niambie sababu ya kweli."

Akamwambia. Alimwambia habari za mlango, kiti, kabati na jina alilopewa. Mama alitazama mikono yake kwa makini, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtu anayesikia jambo jipya kabisa.

"Mlango una sauti?"

"Kubwa. Ukiubamiza, watu wanaamka."

"Kiti?"

"Kinalia."

"Kijiko?"

"Kijiko, sahani, ndala. Hata kutafuna, mama."

"Kutafuna!" Mama akafunika mdomo. Alijua kwamba cherehani ina sauti, maana aliwaona watu wakisogea karibu ili wasemezane inapozunguka. Alijua magari, alijua mbwa. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba vitu vidogo vya nyumbani, kimoja kimoja, vinapiga kelele siku nzima. Akafikiri kidogo, kisha mikono ikatoka polepole. "Kwa hiyo yule mpangaji wa ukuta wa pili, aliyehama..."

"Ndiyo."

"Na aliyekuja baada yake?"

"Na yeye."

"Na mimi niliwapelekea maandazi ya kuwaaga!" Akatikisa kichwa. "Na mimi mwenyewe nina sauti?"

"Ukicheka."

"Ikoje?"

Kijana alitafuta. Utamwelezaje mtu kicheko chake ambacho hajawahi kukisikia? "Kikubwa," alisema mwishowe. "Watu wanageuka."

Mama alilipima jambo hilo, kisha akacheka, na ng'ambo ya njia watu wawili wakageuka. Aliwaona wakigeuka. Akawapungia mkono kama bibi harusi, akacheka zaidi.

Walipotulia, kijana akamwambia na habari za taa, na alichosema Mheshimiwa. Alilieleza lile swali neno kwa neno, macho chini, na kwao kuangusha macho ni sawa na kuziba masikio. Mama akamwinua kidevu.

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Kwa nini?"

"Alikutukana."

"Hilo si tusi. Hiyo ni habari yangu. Aliuliza kama mama yako ni kiziwi, na mama yako ni kiziwi." Mikono yake ikatua mapajani kama imechoka, kisha ikainuka. "Umelala chumba kimoja na watu miezi yote hii. Hawajui kwamba una mama?"

Hilo ndilo lililomchoma. Alitaka kusema kwamba alinyamaza kwa ajili yake, kumkinga, lakini aliliona neno lilivyo kabla hajalisema. Hakuwa amemkinga mtu. Alikuwa amemficha.

"Nitakaa peke yangu kule," alisema. "Hujui ilivyo. Hakuna hata mmoja wa kuongea naye hivi."

"Mimi sijui?" aliuliza mama.

Mwanamke yule alikuwa amekaa miaka yake yote kati ya watu wasiojua lugha yake, akashona nguo za harusi zao na sare za watoto wao.

"Utazoea," mama alisema. "Upweke hauishi. Lakini unazoea, na mtu mmojammoja anajitokeza. Rudi. Ukimaliza ukataka cherehani, ipo, haiozi. Ila usirudi hapa kwa sababu ya mlango."

Likizo ilipokwisha alirudi na godoro lake.

Chumbani alikuta kitanda chake kimejaa vitabu na mashati ya Mheshimiwa. Wote wawili walikuwepo. Walimtazama kama watu waliofumaniwa.

"Tulidhani hurudi," alisema Baba Pacha. "Na lile godoro."

Ngurumo aliuegemeza mzigo ukutani. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba swali lile atalijibu. "Mheshimiwa," alisema, "uliniuliza swali sikukujibu."

"Swali gani?"

"Siku ile ya taa."

Mheshimiwa alikunja uso, akajaribu kukumbuka, akashindwa. Neno lililomkosesha mwenzake usingizi miezi mizima, mwenyewe alikuwa amelitupa na kusahau lilikoangukia.

"Uliniuliza kama mama yangu ni kiziwi. Ndiyo. Ni kiziwi. Kwetu ukimwita mtu unazima taa. Mlango sikujua. Sikujua kabisa kwamba unaudhi, kwetu hakuna wa kumuudhi. Ni hivyo tu."

Kwa mtu huyu hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Mheshimiwa alisafisha koo. Kwa mara ya kwanza jukwaa lilikuwa tupu. Akaanza kuondoa mashati kitandani, moja moja, akiyakunja kwa uangalifu usiohitajika.

Baba Pacha ndiye aliyepona kwanza. "Kumbe! Sasa wewe kuongea ulijifunzaje?"

"Redio. Na fundi viatu mmoja."

"Ndiyo maana! Siku nyingine unaongea kama taarifa ya habari, siku nyingine kama mtu anayebishania soli." Akacheka, kisha akainama mbele. "Hebu niambie. Kwa mikono, mtu anamgombezaje mtoto?"

Ngurumo akamwonyesha. Baba Pacha akajaribu, akakosea.

"Hapo umemwambia akanunue kitunguu," alisema Ngurumo, na akashangaa kujisikia anacheka.

Mheshimiwa hakucheka. Alitoka, akakaa nje muda mrefu. Aliporudi alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma. "Mimi baba yangu anasikia vizuri sana," alisema akitazama dirisha. "Ila tangu nizaliwe hajanisikiliza." Akapanda kitandani kwake akageukia ukuta. Hakuomba radhi, siku ile wala nyingine, na Ngurumo hakumdai.

Wasije watu wakadhani kwamba tangu hapo mambo yakawa asali. Hayakuwa. Muhula wa pili ulikuwa na jioni ndefu kama za kwanza, na watu waliendelea kupiga simu kwao huku yeye akisimama tu na mikono yake. Tofauti ilikuwa ndogo: alisimama koridoni. Wapo waliomwigiza, wakapungapunga. Mara moja Mheshimiwa aliwasikia na kuwahutubia mpaka wakatafuta kazi za kufanya. Baba Pacha alijifunza ishara nane au tisa, nyingi za chakula, akazitumia vibaya. Kuna siku zilipita Ngurumo asimwone mtu wa kuongea naye kwa kweli, na siku hizo alilala mapema, akaamka, akaenda darasani. Hakufunga tena mzigo wake. Mitihani alifaulu, si kwa kung'ara, katikati ya kundi.

Mwisho wa mwaka mlezi wa bweni alipita chumba kwa chumba kupanga vyumba vya mwaka wa pili. Alikuwa mtu wa haraka. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Humu nani anabaki na nani?"

Ngurumo alikuwa amekaa pembeni akipanga soksi. Alikuwa ameshajiandaa kusema kwamba yeye atakaa popote, wamweke tu. Hilo ndilo jibu alilolizoea, na alikuwa ameshainua kichwa alitoe.

"Watatu," alisema Baba Pacha bila kuacha kusugua meno kwa mswaki wake. "Sisi humu ni watatu."

Mlezi akamgeukia Mheshimiwa. "Na wewe? Nilisikia ulitaka chumba cha peke yako."

Mheshimiwa alisafisha koo. "Watatu," alisema. "Ila kitanda cha dirishani ni changu. Hilo naomba lieleweke mapema."

"Na wewe?" mlezi alimuuliza Ngurumo.

Soksi mkononi, kijana alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, kwa muda ule mrefu aliozoea kuwatazama watu. Walikuwa wamemhesabu bila kumuuliza.

"Cha dirishani akichukue," alisema. "Kina baridi."